Maji ya Mlimani Hayafiki Mia

Levina, aliyerithi kiti changu pamoja na ule mguu wake mfupi unaoinuliwa na kipande cha boksi, ndiye aliyenisukuma kuandika haya. Alisema, "Mama, ukiondoka nayo kichwani, hawa vijana wanaoajiriwa watayajulia wapi?" Nikamwambia mimi ni mstaafu sasa, kazi yangu ni kukaa Ijuganyondo na kugombana na kuku wa jirani. Alicheka, akaniachia daftari jipya mezani akaenda zake. Basi naandika. Asiyependa maneno mengi anaweza kuruka mpaka mwisho, ila huko mwisho ndiko iliko aibu yangu, na ningependa mnizoee kwanza.

Sitawaambia nilipanda cheo lini. Cheo walinipa, mshahara walinilipa, Alhamdulillahi, yamekwisha. Nilikuwa mpimaji wa maji katika ofisi yetu ya Bukoba: mito, visima, chemchemi. Nilizunguka mkoa huu na kipimajoto, kamba na chupa za sampuli mpaka magoti yakaanza kunijibu vibaya. Vituo vyote nilivifanyia kazi, lakini kimoja ndicho kilichonifanyia kazi mimi, nacho ni Mvukeni.

Kwa ambao hamjafika: Mvukeni ni uwanda juu ya mlima, upande wa Ngenge, wilayani Muleba. Gari linaishia kwenye shule iliyo chini ya mlima, kisha unapanda kwa miguu zaidi ya saa mbili, mpaka mita elfu moja na mia tano juu ya usawa wa bahari. Huko ardhi ni nyeupe kama imemwagiwa unga, mvuke unatoka kwenye nyufa, na maji ya moto yanabubujika mahali kadhaa. Chemchemi kubwa kuliko zote tunaiita Chungu. Hutulia, hunguruma, hutema maji juu kufikia kimo cha mgomba, kisha hutulia tena kana kwamba si yenyewe. Mwisho wa uwanda, pale ardhi inapogeuka nyekundu na migomba inapoanza, kuna kijichemchemi kinachoitwa Kisima cha Chini. Hatua kumi kutoka hapo lilikuwa jiko la mama mmoja, Ma Kokushubila. Hilo jiko mlishike vizuri.

Siku ya kwanza nilipanda na mzee wetu wa kazi, Ta Kagaruki. Alikuwa mtu wa Buganguzi, mrefu, mkimya, rozari mfuko huu na penseli mfuko ule, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mimi nilikuwa binti wa mjini, babu yangu alikuja Bukoba na biashara kutoka pwani, Kihaya changu kilikuwa cha sokoni tu. Nilikuja kazini na viatu vya wazi vyenye kisigino. Ta Kagaruki aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mkungu uliovunwa kabla ya wakati.

"Binti," alisema, "huko tunakokwenda kunaungua kuanzia chini."

Akatoa mabuti yake ya akiba, makubwa ajabu, akayajaza majani makavu ya migomba, akaniambia vaa. Ofisi nzima ilitoka nje kutazama. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mwanamke huyu hamalizi mwezi. Sitamtaja, ameshastaafu naye, na mwezi huo ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani.

Juu Ta Kagaruki alinifundisha kutembea upya. Unatanguliza fimbo na kugonga. Ardhi ikijibu kama debe tupu, unarudi ulikotoka bila kuuliza swali. Unakanyaga penye nyasi. "Majani yamekataa kuota hapo," aliniambia, "wewe ni nani ukakanyage?" Kipimajoto kinafungwa kamba, kinashushwa, unahesabu mpaka mia, unasoma, unarudia. Unaandika kwa penseli, kwa sababu wino unakimbia ukipata mvuke. Na kifutio ni marufuku. Alipekua begi langu siku hiyo, akakitoa kifutio changu kipya cha waridi na kukitia mfukoni mwake, na sikukiona tena mpaka leo. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaandika lililo sawa juu yake, unatia saini.

"Andika namba unayoiona," alisema. "Ukishangaa, daftari lina safu ya maoni. Shangaa huko."

Mngejua mara ngapi maneno hayo yamenirudia.

Tulipomaliza tulishuka kwa Ma Kokushubila. Wakati huo alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni na mwingine kwenye sketi. "Nyegera waitu," alitukaribisha, na kabla sijafungua mdomo akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani kuna kahawa ya kutafuna. Wageni wa mbali wasiojua desturi: Wahaya huchuma kahawa mbichi, huichemsha na majani ya kunukia, huikausha na maganda yake, na mgeni hutafuna kwanza ndipo aseme kilichomleta. Usipopewa kikapu, ujue hujakaribishwa, hata kama umepewa kiti. Ma Kokushubila alichemshia yake kwenye Chungu, ndani ya kapu lililofungwa kamba, kisha akaianika juani kwenye mkeka siku nyingi. Ilikuwa tamu kwa namna yake, chungu kwanza kisha inakupa nguvu. Nilitafuna tatu. Akacheka, akasema mtoto wa mjini ana meno.

Miezi michache baadaye Ta Kagaruki alipelekwa Biharamulo kusimamia uchimbaji wa visima, akakaa huko mwaka mzima. Mvukeni nikaachiwa mimi, na daftari la kwanza kabisa la kituo kile likaanza kwa mkono wangu, maana ile siku ya kwanza tulifanya mazoezi tu kwenye vidimbwi vya pembeni. Nilifurahi mpaka nikanunua penseli mbili.

Sasa sikilizeni vizuri ujinga unavyokuja, maana huwa unakuja umevaa vizuri. Nilishusha kipimajoto kwenye Chungu, maji yanaruka, yanatokota, hakuna wa kubisha kwamba yamechemka. Nikahesabu mia. Nikasoma tisini na tano. Nikarudia: tisini na tano. Nikakiangalia kile kipimajoto kwa dharau. Shuleni tulikariri wote, darasa zima kwa sauti moja: maji huchemka kwa nyuzi mia. Nikajua kipimajoto kimeharibika.

Tena sikukurupuka, mimi ni mtu makini. Niliporudi Bukoba nilichemsha birika la chai ofisini, nikakitumbukiza. Tisini na sita. Ahaa! Nikasema hiki hata msimamo hakina. Haikunijia hata kidogo kwamba hata mji wetu wa ziwani uko juu sana kuliko bahari. Kumbe tangu tuzaliwe sisi watu wa Kagera tunakunywa chai ambayo haijawahi kufika mia, na hakuna mwalimu aliyewahi kutumbukiza kipimajoto kwenye sufuria akatuonyesha.

Basi nikaamua kurekebisha mwenyewe. Kila namba niliyosoma Mvukeni niliiongeza tano, na ile iliyoongezwa ndiyo nikaiandika. Chungu, mia moja. Kisima cha Chini kilisoma sitini na mbili, nikaandika sitini na saba. Mwaka ule nilipanda mara nne, na mara zote nne nikaongeza tano, mwandiko safi, hakuna hata mstari mmoja wa kosa. Safu ya maoni niliiacha tupu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Ta Kagaruki alirudi, tukapanda pamoja na daftari jipya la mwaka mpya. Akashusha kipimajoto kilekile kwenye Chungu, akasoma, akaniamrisha, "Tisini na tano. Andika." Nikabaki nimeishika penseli. Nikamuuliza, mbona si mia?

"Mia ni ya huko kwenu pwani," alisema. "Hewa ya huku juu ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Muulize Ma Kokushubila kwa nini ebitoke, hizo ndizi zake, akizipikia kwenye Chungu zinachelewa kuiva."

Na kweli Ma Kokushubila alisema, tena kwa kunitania, "Mwana wange, maji ya huku yanachemka kwa maneno tu."

Nilihisi uso unawaka kuliko Chungu chenyewe. Pale pale ningesema: Ta Kagaruki, daftari la mwaka jana limeharibika, tulirekebishe. Lingechukua nusu saa. Sikusema. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wapimaji, kuna mtu alishanihesabia mwezi, na Ta Kagaruki hakufungua daftari la mwaka jana kwa sababu aliniamini. Hilo la kuaminiwa ndilo lililonifunga mdomo, na ndilo linaloniuma hadi leo. Daftari likaingia kabatini. Ta Kagaruki akastaafu, akafariki kwao Buganguzi, nikamzika na siri yangu.

Miaka ikaenda. Tangu siku ile sikuongeza wala kupunguza nyuzi hata moja, na nikawa mkali kwa wengine kuliko alivyokuwa yeye kwangu. Vifutio nilivyovichukua kwenye mabegi ya wafanyakazi wapya vinajaza kopo la kahawa. Nilipeleka wageni wengi Mvukeni: wanafunzi waliotaka kuchemsha mayai, bwana harusi aliyetaka kupiga picha mbele ya Chungu akalowa suti nzima, msomi mmoja aliyeniuliza kama maji yale yana chanzo cha umeme chini. Nilimwambia kama upo, Ma Kokushubila hajaunganishiwa. Kisima cha Chini nacho kilikuwa kinapanda polepole, nusu nyuzi mwaka huu, robo mwaka ule, miaka mingi hakuna kitu. Niliona, nikaandika. Jambo likienda polepole kiasi hicho unalizoea, kama unavyozoea mtoto anavyorefuka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ikaundwa kamati ya kutengeneza njia ya wageni Mvukeni, na nyumba ya kupumzikia karibu na kwa Ma Kokushubila. Kabla ya lolote walitaka kujua kama sehemu ile ya chini imetulia au inazidi kupata moto. Ikiwa inazidi, familia ihame. Na Ma Kokushubila, sasa bibi wa wajukuu, alishasema hahami. Mume wake amezikwa kwenye kibanja kile, shamba lao la migomba, wakwe zake wamezikwa pale, na nani atakaa na makaburi?

Afisa mipango alitaka mambo mepesi: namba ya mwaka wa kwanza na namba ya sasa. Levina ndiye aliyetoa madaftari kabatini. Kisima cha Chini, mwaka wa kwanza: sitini na saba. Sasa: sitini na saba.

"Haijasogea hata nyuzi moja!" afisa akafurahi. "Na hiki kikubwa kimepoa kabisa, kutoka mia mpaka tisini na tano. Mama, umetufanyia kazi nzuri sana."

Lakini Levina alikuwa ameinamia ukurasa, uso umekunjamana. Akasubiri afisa atoke, akaniuliza taratibu, "Mama, mia moja? Mlimani?"

Nikamjibu, "Kile kipimajoto cha zamani kilikuwa na matatizo." Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Levina akaitikia kwa kichwa, akafunga daftari. Ningeweza kuliacha hapo. Kamati imefurahi, bibi anabaki kwenye kibanja chake, mimi nastaafu na keki na khanga. Kila mtu alikuwa anapata anachotaka kwa sababu ya uongo wangu.

Siku tatu baadaye tulipanda na kamati yote kwenda kumpa bibi habari njema. Akatukaribisha jikoni kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Wakati anasubiri wenzangu wavue mabuti, alinionyesha sakafu kwa majivuno. Kahawa ilikuwa imetandazwa chini, bila mkeka, kutoka mafigani mpaka mlangoni.

"Tangu mwaka juzi sianiki nje," alisema. "Sakafu inaikausha yenyewe, hata mvua ikinyesha. Mungu amenihurumia uzeeni."

Nikainama, nikaweka kiganja chini. Ilikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa. Mjukuu wake mdogo alikuwa amelala pale pale juu ya gunia, katikati ya kahawa, usingizi mzito. Nikachukua fimbo, nikagonga karibu na mafiga. Ardhi ikajibu kama debe tupu.

Wallahi, sijawahi kuogopa hivyo. Nilimnyanyua yule mtoto, nikampa Levina, nikamwambia toka naye nje. Kisha nikawageukia watu wa kamati, kikapu cha kahawa kikiwa mkononi mwa Ma Kokushubila, na nikasema pale pale, nimesimama: namba za mwaka wa kwanza ni za uongo, mimi ndiye niliyeziongeza tano kwa ujinga, na baadaye nikanyamaza kwa woga. Kisima hakikuanza na sitini na saba. Kilianza na sitini na mbili. Kimepanda nyuzi tano, na moto wenyewe umeshafika chini ya sakafu hii.

Afisa mipango akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu. "Mama, miaka yote hii?"

"Miaka yote hii," nikasema.

Ma Kokushubila hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Umekula kahawa yangu tangu mwanangu wa kwanza ameshikilia sketi yangu," alisema. "Ukaandika uongo kuhusu kwangu. Na leo, mbwenu, sasa hivi, ndiyo unakuja kunitoa?"

Nilimwambia nisamehe. Akakifunika kikapu, akakirudisha juu ya dari, taratibu, na hakukishusha tena siku ile. Wenzangu wa kamati hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nilishuka ule mlima nikilia bila kujificha, na Levina, mtoto mzuri, alitembea mbele yangu akijifanya anagonga ardhi.

Ofisini niliandikiwa barua ya onyo, iko kwenye faili langu, anayetaka aisome. Mimi na Levina tukalifungua daftari la kwanza, na kwa kila namba nikapiga mstari mmoja, nikaandika ile niliyoisoma kweli, nikatia saini na tarehe ya siku tuliyosahihisha. Kwenye safu ya maoni, iliyokuwa tupu tangu ujana wangu, niliandika yote. Nafasi haikutosha, nikageuza ukurasa.

Kuhama ilikuwa vita. Mimi ndiye niliyetumwa kumbembeleza bibi, pengine kama adhabu. Nilipanda mara tatu. Kiti nilipewa, chai nilipewa, kikapu hakikushuka. Mara ya tatu nilimwomba twende tu tutembee kwenye kibanja, fimbo mkononi, nimwonyeshe. Tukagonga pamoja, mtu na fimbo yake, kuanzia jikoni kwenda juu. Debe tupu, debe tupu, kisha sauti ikaanza kubadilika. Tulipofika kwenye makaburi, kule juu kabisa penye nyasi nene, ardhi ilijibu nzito, imara, kama inavyotakiwa. Ma Kokushubila aligonga mwenyewe mara mbili pembeni ya kaburi la mumewe.

"Huyu bwana siku zote alichagua mahali pazuri pa kulala," alisema.

Wiki iliyofuata wanawe walianza kufyatua matofali, na nyumba mpya ikasimama hatua chache kutoka kwenye makaburi, ndani ya kibanja kilekile. Jiko la zamani likaachwa tupu na miiba mlangoni.

Masika yalipokolea, mwezi wangu wa mwisho kabisa kazini, Levina alipigiwa simu na mmoja wa watoto wa bibi. Tukapanda siku ileile. Sakafu ya jiko la zamani ilikuwa imezama yote. Pale yalipokuwa mafiga kulikuwa na shimo, na ndani yake maji ya matope yalikuwa yanatokota na kuruka mpaka kwenye mabaki ya dari. Gunia alilokuwa akilalia yule mtoto lilikuwa linaonekana kwenye ukingo, limeiva, linatoa mvuke. Nilikaa chini penye nyasi.

Levina akafunga kamba, akashusha kipimajoto, tukahesabu mia wote wawili kwa sauti. Akasoma, akanigeukia, akanipa penseli. Nikaandika tisini na tano.

Tulipoinua macho Ma Kokushubila alikuwa anashuka kati ya migomba kutoka nyumba mpya, mjukuu anamfuata nyuma ameshika khanga yake. Alisimama mbali kidogo, akalitazama lile shimo kwa muda, akamsogeza mtoto nyuma yake. Kisha akatoa kitu chini ya mtandio, akakifungua mfuniko, akanisogezea.

"Tafuna," alisema. "Hizi nilizianika juani."